Utepe wa Magotini

5 Machi

Binti yangu mpenzi,

Hujambo? Na watoto hawajambo? Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Baridi imeondoka, maua yameanza kufunguka, na hapa kibandani kwangu hapapumuliki. Kila mama anataka gauni la msimu kwa bintiye, na kila mmoja anataka lake liwe la kwanza.

La Chiriku wetu nimelitanguliza. Ni la njano, lina marinda mengi, akizunguka litafunguka lote. Kaka yake nimemshonea kaptula. Magotini na makalioni nimeweka kitambaa mara mbili, maana wavulana ni watu wa kuanguka.

Likizo ijayo mlete Chiriku akae nami mwezi mzima. Miaka saba sasa, na bado anakimbia kama mbuzi aliyekata kamba! Niachie mimi nimnyooshe. Samaki mkunje angali mbichi.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, isipokuwa Chiriku. Jumapili alivaa gauni lako, akashuka ngazi akimkimbilia kaka yake. Ngazi ya tatu miguu ikagoma. Amevunjika mkono.

Hospitali walilikata gauni begani ili kumvua. Nikarudi nalo nyumbani, nikakaa nalo mapajani. Kwa nje marinda yamemwagika, hata watoto wawili wangeenea. Ndani ya bitana nikagusa kitu kigumu. Nikafumua. Utepe, Mama! Umezunguka magotini, umepigwa cherehani mara tatu, ili mtoto asiweze kupanua hatua.

Unaikumbuka siku ya mbio shuleni? Nilianguka mbele ya watu wote, wakaniita Bata mpaka namaliza shule. Wewe ukaniambia, "Mwanangu, miguu yako mizito, mbio waachie wenzako." Nilikuamini. Mtu mzima mimi, nimechagua kazi ya kukata tiketi dirishani kwa sababu ni ya kukaa! Sare yangu ya shule aliishona nani? Magauni yangu yote aliyashona nani?

Niambie kama nakusingizia.

Binti yako

27 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mpe pole mjukuu wangu, mbusu kipajini.

Haya, sasa nisikilize. Hunisingizii. Niliuweka. Kwa hiyo? Tangu lini mtoto niliyemzaa akanihoji kama polisi? Niliwalea wawili peke yangu, na mtaa mzima umenikodolea macho. Kaka yako akipanda ukuta, watu walisema dume hilo. Ungepanda wewe, wangesema mama yake hajui kulea. Utepe huo nami nilishonewa na mama yangu, na sikufa. Umesoma, umeolewa, hukuniletea aibu. Leo ndiyo unaniona mbaya?

Msimu huu nimeshona magauni kumi na moja mengine, yote yana utepe, na wenye watoto wameuomba wenyewe. Mkono ukipona, mlete mtoto.

Mama yako

4 Aprili

Mama,

Shikamoo, maana adabu ulinifunza vizuri.

Kaka yangu ulimwekea kitambaa mara mbili ili akianguka asiumie. Mimi ukanishonea kuanguka kwenyewe. Tumbo moja, cherehani moja, fundi mmoja!

Na utepe si kitu mbele ya uongo. Ungesema, "Nimekufunga miguu kwa sababu naogopa watu," ningelia, ningekuelewa. Lakini uliniona nimerudi na magoti yanavuja damu, ukayaosha kwa mikono yako, ukaniambia kosa ni la miguu yangu. Nina hasira, Mama. Naandika kalamu inatoboa karatasi.

Jana nilichelewa kazini, nikalikimbilia basi. Mimi, Bata! Nikalipata. Nikalia mle ndani mpaka abiria wakanipa pole, wakidhani nimefiwa.

Chiriku haji. Wala usimshonee kitu tena. Utepe wako huu hapa, nakurudishia.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Natumaini mu wazima, maana wiki nane hukuniandikia, nami kwa kiburi changu sikukuandikia.

Utepe ulifika. Niliutupa kwenye kopo la vifungo, nikasema hasira zikimwisha atarudi mwenyewe. Juzi mteja, mmoja wa wale kumi na moja, akamleta bintiye amevaa gauni lake, nilibane kiunoni. Katoto ka miaka sita. Kakajikwaa kizingitini kwangu, kakaanguka kifudifudi. Mama yake akakainua, akaniambia, "Huyu tumwache tu, miguu yake mizito." Mtoto akainama akaitazama miguu yake. Nikakuona wewe.

Nikachukua mkasi, nikaufumua utepe palepale. Mama mtu akafoka, eti anataka gauni kama alivyoliagiza. Nikamwambia mafundi wako wengi. Kisha nikazifuata nyumba kumi zilizobaki. Sita wamekubali nifumue. Wanne wamenifungia mlango, na mmoja anatangaza kwamba nimeingiwa na wazimu. Mabinti wa hao wanne nimekwisha kuwafunga mimi, na siwezi kuwafungua.

Kuhusu magoti yako, hukuniuliza waziwazi kama nilijua ni utepe, lakini swali nimelisikia. Nilijua, mwanangu. Niliyaosha huku najua. Niliona heri magoti yako kuliko midomo ya watu. Nimekukosea. Nisamehe ukiweza, usipoweza, nimeyataka mwenyewe.

Mkono wa Chiriku umepona?

Mama yako

8 Juni

Mama,

Shikamoo. Mkono umepona.

Chiriku anakuja Jumamosi, mjomba wake atamfuata. Nilimkatalia mara mbili, lakini anakulilia, na ugomvi huu si wake. Atakuwa amevaa kaptula ya kaka yake, ile yako ya magoti mara mbili. Usimvue.

Mimi siji. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea, na bado nina hasira. Sitaki kuja kukaa kwenye kiti chako nikijifanya imeisha.

Kutoka mlango wa nyumba hadi kibandani kwako, mimi nilikuwa napiga hatua sitini na mbili. Nilizihesabu kila siku nikikuletea chai. Mwache Chiriku akimbie, umhesabie, uniandikie ni ngapi.

Binti yako