Askari Amenisamehe Mtungi

Jumanne, baada ya sala

Tangu Jumapili naomba nisichaguliwe kuwapelekea maji wajenzi wa reli ya Wajerumani kule Zuzu. Magoti yangu, Bwana, unayajua.

Leo askari alitupanga wanawake mstari. Nilikuwa nimeandaa kikohozi, lakini hata sikukitumia. Alinitazama mara moja tu.

"Shikamoo, bibi. Wewe nenda kapumzike."

Na kidevu chake mwenyewe kimejaa mvi.

Akamchagua Mama Yohana, ambaye tulizaliwa mwaka mmoja, ule wa njaa. Alipita na mtungi kichwani, akitembea kama bibi harusi. "Pumzika, mwenzangu," akaniambia.

Asante, Bwana, kwa kunisikia. Ila ulijibu upesi mno.

Kesho nitampelekea Mama Yohana uji. Mtungi wa uji ni mzito kuliko wa maji, nami nitapita palepale mbele ya yule askari.