Kamba Ilipofika Kwenye Msingi Wetu

Jumapili. Mvua asubuhi, jua kali mchana, na mie matope mpaka magotini. Nimechoka, lakini uchovu wa leo unacheka.

Mnaonisoma mnajua ninavyopandisha ndoo ngazi za maghorofa ya Michenzani, mtoto mgongoni, kila bomba linapokauka. Ndiyo maana mama mkwe alipotupatia kiwanja kijijini kwao, upande wa Mkokotoni, karibu kabisa na kisima, nililia kwa furaha. Msingi tushaujenga.

Leo wanakijiji walikuwa wanapima eneo la kisima hicho. Katika mpango wao wa matumizi ya ardhi wamekubaliana kizungukwe na miti tu: hapana nyumba, hapana choo, hapana banda la ng'ombe. Kisima kingine kilishawaharibikia, vyoo vilichimbwa karibu, watoto wakaharisha msimu mzima wa mvua. Binti yangu Nasra, aliyekuwa kwa bibi yake, alikuwa mmoja wao.

Wanapima kwa kamba ya makumbi ya nazi. Ncha moja imefungwa kwenye mti kando ya kisima, ya pili kashika ami yake mume wangu, anazunguka, na sie nyuma yake tunapigilia vijiti. Banda la jirani likaingia ndani ya duara. Mwenyewe kanung'unika, wakamtania kwamba ng'ombe wake wamepata uhamisho.

Tulipokaribia msingi wetu, nikamwona ami anaizungushia kamba mkononi. Mara moja, mara ya pili. Kamba ikafupika, msingi wetu ukabaki nje ya duara.

Wote waliona. Wakainama kuchagua vijiti.

Nakiri, nilifurahi. Kwa pumzi moja tu, lakini nilifurahi.

Kisha nikamwona Nasra kaishika kata kwa mikono miwili, anakunywa maji ya kisima.

"Ami," nikasema, "kamba imefupika."

"Mwanangu, hiki si kiwanja chenu?"

"Ndicho. Na choo tutakachochimba hapa kitakuwa chetu pia. Ifungue, ami."

Sikuthubutu kumtazama mama mkwe. Kiwanja kile kakirithi kwa babake. Akaja, akanitoa kijiti mkononi, akakipigilia mwenyewe, ng'ambo ya msingi wetu, msingi ukawa ndani ya duara.

"Haya, twende," akamwambia ami, shemeji yake. "Unatuchelewesha."

Nilitamani kupiga kigelegele, nikajizuia.

Tukirudi nyumbani akanionesha shamba lake la muhogo, ng'ambo ya barabara. Ukishavunwa, kasema, tujenge pale. Nikampigia simu Baba Nasra, yuko kazini mjini. Nikamweleza kamba ilipofika. Kaniuliza kama mawe ya msingi yanang'oleka.

Nikamwambia yanang'oleka. Jirani wa ng'ombe kashaanza kutusaidia.

Ndoo nitabeba bado, tena mwendo mrefu zaidi, lakini hapana ngazi. Na tangu nirudi sikai, situlii, nyumba naijenga upya kichwani. Dirisha la jikoni nalielekeza kisimani.

Nani atathubutu kuchimba choo pale, nami nnachungulia?