Baba Asiuze Duka Kabla Sijafika

Mgodini, Geita

Mayu, shikamoo.

Ni mimi mwanao Nasoro. Mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Magoti yako yanaendeleaje? Mvua imefika huko Kishapu? Dada Zuhura, msomee Mama taratibu, na Baba akiwa ametoka.

Nimesikia Baba anataka kuuza duka aende Kuwaiti kwenye kazi za mafuta. Eti nduguye, Ami Seif, amemwandikia kutoka kwao Maskati kwamba vijana wote wa kwao wamekwenda, na wanarudi kujenga nyumba za mawe. Sishangai. Tangu chama cha ushirika kianze kununua pamba, mizani yetu imekaa bure, na najua anavyoumia akiona wateja wake wa zamani wakipita na magunia bila hata kugeuza shingo. Lakini Mayu, Baba ana ndevu nyeupe.

Hapa kwenye lango la mgodi amekuja Mwarabu mmoja wa Kahama, Hamadi, anauza kahawa. Alikuwa Kuwaiti. Nikamuuliza, "Mzee kama baba yangu atapata kazi gani kule?"

Akaitazama mikono yangu. "Wewe ungechimba mitaro ya mabomba, juani. Yeye wangemrudisha getini. Wapo wazee wanalala nje ya uzio, wanaona haya kurudi kwao."

"Lakini ni Mwarabu mwenzao!"

"Hata mimi nilidhani hivyo. Kule sisi ni wageni tu, ndugu yangu. Wenye nchi wana kazi zao, na sisi tuna zetu."

Tangu hapo usingizi sina. Mwajua nilivyoandikishwa hapa. Karani aliniuliza kabila. Ningesema Mwarabu, angenirudisha dukani. Nikasema Msukuma, wala sikudanganya, wewe ndiwe uliyenizaa. Nikapewa kofia na taa, nikashuka shimoni na wenzangu, na sasa naendesha winchi. Baba alinuna mwanawe kuwa kibarua; leo yeye akabebe mabomba ya watu?

Jana nilimwomba msimamizi ruhusa. Akasema, "Ukiondoka, nafasi yako ina mtu." Nimeipenda ile winchi, Mayu. Wenzangu wanashuka na kupanda kwa mkono wangu, na wananiamini. Hata hivyo Jumamosi napanda lori, nakuja.

Mnunuzi wa duka akitokea, mkaribishe chai, mkawize kwa maneno. Baba asitie sahihi. Na kwa kuwa anakusikiliza wewe kuliko sisi sote, muulize wewe atakuacha na nani. Barua yote ya Ami Seif, nimeambiwa, haikukutaja hata mara moja.

Nisalimie bibi mzaa mama, shangazi anayeuza maziwa, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kushika kalamu. Baba nitamwamkia mwenyewe, uso kwa uso.

Mwanao, aliyekwisha funga mzigo,
Nasoro