Papa Hakukufa na Karuho

Bukavu, le 9 avril 2024

Mudogo yangu Ignace,

Nilikukosea. Salamu iko mingi, bibi na batoto bako salama, lakini nisipoanza na hii sitaandika.

Mwaka jana uliniuliza Papa yetu alikufa na nini, juu ya ile recherche yenu ya Liège, kule munachunguza magonjwa. Nilikujibu karuho, ile sumu ya kulishwa na batu. Nilidanganya. Ilikuwa kansere ya prostate, ile tezi ya banaume. Docteur aliniambia mi peke. Papa alikuwa anajikojolea, akanishika mukono: «Zagabe, batu basijue.» Mi nilisikia haya kumupita.

Pa kilio nikasema batu walimupa sumu. Unajua kwetu: ukisema karuho, hakuna mwenye anauliza tena ugonjwa. Wanauliza tu nani alimupa. Macho yote ikaenda kwa jirani, Maman Euphrasie, juu yeye njo alimuleteaka uji. Nikanyamaza.

Mukubwa wako,
Zagabe

Liège, le 28 avril 2024

Yaya Zagabe,

Salamu. Huku baridi haijaisha.

Tunatafuta kujua juu ya nini hii kansere inapiga banaume weusi mapema kupita bazungu. Haiko damu tu. Njaa, kukimbia vita, mawazo mingi, vinaweza kuacha alama juu ya gènes, zile tunarithi kwa bazazi: ingine inawaka, ingine inazimika. Njo maana tunaulizaka maisha ya baba.

Nami nilitoa damu yangu, nikaandika: «Baba: hakuna kansere.» Kiisha sikujipimisha. Nilisema, juu Papa hakuwa nayo, nitangoja nifike miaka makumi tano.

Barua yako ilifika, nikaenda. PSA, kipimo ya damu ya hii kansere, iko juu. Le 6 mai watakata kipande, waangalie.

Na weye, ulipimwa? Maman Euphrasie iko wapi?

Mudogo wako,
Ignace

Bukavu, le 12 mai 2024

Ignace,

Nilipata message yako: kansere iko, lakini ingali ndogo. Nimeisoma mara mingi. Ningesema kweli mwaka jana, ungeikuta mapema.

Nilienda kupimwa. Nilicheka juu ya haya. Docteur akaniambia: «Muzee, vua tu. Miye sicheki.» Ningali nangoja résultat, majibu ya kipimo.

Maman Euphrasie iko Sange. Batu walitupa majiwe ku nyumba yake hapa Nyalukemba mupaka akahama. Nilikuwa palepale, mikono mu mifuko.

Jumapili le 19, kiisha misa ya Pentekoste, nitasimama mu shirika yetu ya kanisa, nitaje ugonjwa ya Papa na bongo yangu, ile uongo ya karuho. Jumamosi le 25 nitakuwa Sange na karatasi ya docteur yenye inaonyesha ugonjwa ya Papa. Asiponifungulia, nitasemea pa mulango, kwa nguvu, majirani yake basikie.

Mukubwa wako,
Zagabe