Nusu ya Kamusi Imerudi

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako kabla upweke haujanimaliza. Mimi ni karani wa mizani kwenye shamba moja la kahawa hapa Ruiru, kwetu ni Kimilili, mke wangu yuko huko na watoto na nawaona mara moja kwa mwaka, na hapa kambini watu wananiita Karani tu, Karani pima debe langu, Karani umenipunja, hata naweza kumaliza wiki nzima bila kusikia mtu akitaja jina langu, ila mtu mmoja, Waweru, fundi wa kushona nguo kule Thika, ambaye huniita Barasa na kunitania kama ndugu.

Tulijuana kwa sababu ya lile shindano la gazeti, ambalo kila wiki huchapa herufi nne na wasomaji hutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote, popote zilipo ndani ya neno, na mwenye maneno mengi ndiye mshindi. Kazi hiyo haina njia ya mkato, ni lazima usome kamusi ukurasa kwa ukurasa, kwa hivyo tulinunua kamusi moja kuukuu, Waweru akaipasua katikati kwa wembe, mimi nikachukua A mpaka L, yeye M mpaka Z, na nusu zote mbili akazishonea majalada ya kitambaa cha kaki. Kila mtu alisoma nusu yake, na Jumapili baada ya kanisa nilipanda baisikeli kwenda Thika tuunganishe orodha, maana yeye ni Mkikuyu na siku hizi za Hali ya Hatari haruhusiwi kutoka huko bila kibali, na mama Gathoni, mke wake, alitupatia chai na githeri huku akituuliza kama hayo maneno yetu yanalika.

Fomu ina nafasi ya jina moja tu, tukakubaliana wiki hii jina lake, wiki ijayo langu. Sasa ilikuwa zamu yake, herufi zilikuwa A, R, S na T, tukapata maneno mia mbili na kumi na manne, hata "orchestra" aliiona yeye. Jumatatu nikasimama posta ya Ruiru na fomu mkononi, nikajua hii itashinda, na Mshauri, sitakudanganya, nikaandika Nicanor Barasa. Sikutaka zawadi. Nilitaka siku moja tu watu wajue kwamba nina jina.

Tulishinda. Jina langu likatoka gazetini, nikalisoma kwa sauti chumbani mwangu na hapakuwa na mtu wa kulisikia. Zawadi ikaja, kamusi mpya nzima. Sikuenda Thika Jumapili hiyo wala iliyofuata, nikajidanganya kwamba ni mvua. Wiki ya tatu Muthoka, dereva wa lori letu, akaniletea kifurushi kutoka kwa Waweru, ndani ni ile nusu yake, M mpaka Z, imefungwa kwa kitambaa safi, bila hata mstari mmoja wa barua. Tangu hapo nangoja aje au aandike, miezi miwili sasa. Nina kamusi mbili na sina wa kuongea naye. Nimefikiri nimpe Muthoka ile mpya ampelekee, yaishe. Je, itatosha?

Jina langu lichape, Waweru husoma gazeti hili.

Nicanor Barasa, Ruiru

Bwana Barasa,

Jina tumelichapa. Lakini usifikiri umeomba msamaha. Kuniandikia mimi ili Waweru asome ni kupitia mlango wa nyuma.

Pole, hata hivyo. Kukaa mwaka mzima mbali na watu wako si mchezo, na kuitwa kwa kazi yako tu kunamkausha mtu. Lakini je, umewahi kumfikiria mwenzako? Wewe unaitwa Karani. Yeye hafiki hata Ruiru bila karatasi. Jumapili yake ilikuwa wewe.

Ati unangoja aje! Aje vipi? Si umeandika mwenyewe kwamba haruhusiwi kutoka? Mwenye baisikeli ni wewe, mwenye ruhusa ni wewe, mwenye kosa ni wewe, halafu umeketi Ruiru unahesabu miezi. Aibu, bwana!

Ile kamusi mpya usimpelekee. Mpe mwalimu yeyote aliye karibu nawe. Kamusi nzima ni ya mtu anayesoma peke yake, na hayo umeshayaonja.

Tena kitazame vizuri hicho kifurushi. Mtu aliyekukatia tamaa angewashia moto hizo karatasi, mama Gathoni akachemsha chai. Huyu amezifunga kwa kitambaa safi. Fundi hapotezi kitambaa kwa kitu anachokitupa.

Jumapili hii, mvua inyeshe isinyeshe, beba nusu yake uende. Usimtume Muthoka. Mbele ya mke wake sema, "Ilikuwa zamu yako, nami nikaiba." Useme niliiba, usiseme nilikosea. Akikufokea, nyamaza. Akikufungia mlango, rudi Jumapili nyingine. Na uwe na fomu ya wiki hii mfukoni, jina lake likiwa limeshaandikwa kwa wino, na ijayo pia, na nyingine tena, mpaka aseme basi.

Gazeti limekutaja mara mbili sasa na bado uko peke yako. Nenda Thika ukaitwe Barasa.