Jina la Kichwa cha Sponji

Jumamosi, 14 Januari 2023

Nimejiunga. Grupu ya furry, wapenzi wa kujigeuza wanyama, huko Telegram — watu wa Kenya, Uganda na wengine wa mbali, kila mmoja amejichagulia mnyama na jina, na humo ndani wanaitana kwa hilo tu. Wakaniuliza langu. Mimi, fundi wa kuandika majina kwenye malori hapa Malaba, kutwa nzima "Mungu Mbele" na "Wivu wa Nini", nikakwama. Nikaandika Frostfang. Mbwa mwitu wa theluji. Theluji yenyewe nimeiona kwa friza ya duka la samaki Busia.

Jumanne, 8 Agosti 2023

Aibu. Mtu wa Finland kaniuliza kwetu theluji huanza mwezi gani. Nikamjibu Oktoba. Inafika wapi? Magotini, nikasema. Akataka picha. Nikajifanya network imepotea.

Frostfang nimemzika leo. Sasa mimi ni Fisi. Fisi ni wa huku, anacheka, hana makuu.

Jumatano, 5 Juni 2024

Fisi naye kwisha. Binamu yangu Sharlyne — tunakaa naye kwa Tata, nyanya yetu — kachungulia simu yangu akasoma "Fisi wa Malaba". Mtaani fisi ni mwanamume mroho wa wasichana, basi kaenda kuwaambia wasichana wa saluni wajichunge na mimi. Wiki nzima nikipita, mlango unafungwa. Nikajaribu kueleza ni mnyama tu, wa kuchora, na kwamba tuko wengi. Hapo ndipo nikaharibu kabisa.

Jina jipya: Pongo. Yule swala mwekundu wa vichakani, mwenye madoa meupe. Mwoga, hujificha, lakini ukimwona umempenda. Leo nimekuwa nikilisema pole pole nikipaka rangi lori la mchele. Dereva akauliza kama niko sawa.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Kichwa cha kuvaa, cha Pongo, kimeisha! Sponji ya godoro langu kuukuu, blanketi la manyoya kutoka upande wa Uganda, madoa nimepaka kwa mkono. Jumapili ijayo tunakutana Kisumu, mara ya kwanza ana kwa ana. Winny, anayepanga mambo, anatutengenezea kadi za kuvaa shingoni. Mtu ataniita Pongo kwa mdomo, si kwa kuandika. Nalitaka hilo kuliko ninavyopenda kukubali.

Kichwa nimekianika dirishani gundi ikauke.

Alhamisi, 21 Agosti 2025

Tata amekiona.

Tata Anyait, binti wa watu, asiyeogopa hata askari wa mpakani, amekaa nje ya nyumba yake mwenyewe amekataa kuingia. Nikamwambia, Tata, ni mchezo tu, huyu ni pongo. Nikajimaliza. Kumbe pongo ni mwiko wa ukoo wetu. Hatumli, hatukalii ngozi yake, na kumvaa ndio usiseme. Wanyama wote walioumbwa, nami nikaenda moja kwa moja kwa huyo. Akauliza nilikuwa wapi wazee wakieleza. Nilikuwa hapo hapo. Na earphone masikioni.

Nililia kidogo, acha niandike ukweli. Nikamwambia kuna watu Kisumu wananingoja, na kwamba sina pengine ambapo watu hunifurahia hivyo. Halafu akauliza: sasa hao watakuita nani?

Akatoa amri. Madoa yafutwe. Na kitu chenye uso hakilali kwake bila jina la watu.

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Madoa nimeyafunika kwa rangi ya lori. Sharlyne anasema sasa ni mbuzi aliyenyeshewa. Winny anaandika tangu asubuhi: jina? Kadi zinachapishwa jioni hii.

Tata ametengeneza ajon, pombe ya wimbi. Kwetu mtoto hupewa jina hivi: nyanya anachovya kidole kwenye ajon, anamtia mdomoni, anataja majina ya waliotangulia. Jina atakalonyonya ndilo lake. Mimi, Tata husimulia kila Krismasi, nilikataa yote, nikanyonya Ojakol kwa sababu ya njaa. Kumbe tabia ilianza zamani.

Sharlyne akapakata kichwa. Tata akachovya, akataja jina, akakitia mdomoni. Sponji ikalowa. Sharlyne akasema kimekubali. Tata akasema kulowa si kunyonya. Akataja lingine, na lingine. Mwishowe akanigeukia: wewe fungua mdomo, unyonye kwa niaba yake.

Nina miaka ishirini na sita. Nikafungua.

Akataja huyu, akataja yule, nimebana meno. Halafu akasema Ekakoro. Ndugu yake mdogo, aliyekuwa akijificha kwenye mahindi wageni wakifika, lakini ngoma ikianza hakuna aliyemtazama mwingine. Akanitia kidole mdomoni.

Nikasema naenda choo.

Niko chooni sasa, naandika kwa simu. Winny ameuliza tena. Frostfang, Fisi, Pongo — yote nilijipa mwenyewe na hakuna lililodumu. Ulimi bado una ukali wa ajon, kwa sababu kabla sijakimbia nilikuwa nimeshaanza kunyonya. Sijui kama aliona.

Nje Tata ananiita. Haniiti Ojakol.