Mwangwi wa kisima chetu

Newala, Ijumaa. Mvua imeanza kabla ya swala ya alfajiri na mpaka sasa, saa kumi jioni, haijakata. Bati linapiga kelele kiasi kwamba hata cherehani yangu siisikii. Kisima kimejaa hadi mdomoni. Mtu yeyote wa huku juu angefurahi. Mimi nina hasira tangu jana, na nimeona bora niandike kuliko kumfokea mteja aliyekuja kudai gauni lake.

Nimesalitiwa.

Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara mbili. Sasa naliacha.

Aliyenisaliti ni Somoe. Tulichezwa unyago msimu mmoja, tukalala mkeka mmoja, tukatolewa siku moja, na mama zetu wakatuvisha khanga za doti moja, kipande yeye, kipande mimi. Huku kwetu mtu uliyechezwa naye humtilii shaka. Akikwambia jua limechomoza Masasi likazama Masasi, unakubali, halafu unaendelea na kazi zako.

Wanaopita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza wajue hivi: kutwa nashona nguo, na muda unaobaki nachezea sauti kwenye laptopu ya mtumba. Sina studio. Nina hedifoni, maikrofoni moja, na ubishi.

Mwezi wa kumi na moja Somoe, ambaye siku hizi anaishi Masasi, alinijia na wimbo wake. Wimbo wa taratibu, gitaa moja na sauti yake, basi. Unamhusu mwanamke anayepika chakula cha watu wawili wakati amebaki mmoja. Nilimrekodi chumba cha mbele, katikati ya magunia ya korosho ya kaka yangu yaliyokuwa yanasubiri mnada. Magunia ya korosho yanameza kelele kuliko godoro lolote. Sauti ilitoka kavu na safi, kama mtu anakunong'oneza.

Wimbo wa namna hii hauna pa kujificha. Hakuna ngoma nzito ya kufunika makosa. Wiki tatu nilikaa na ile sauti. Kila "s" iliyochoma sikio niliipunguza kwa mkono, moja baada ya nyingine. Pumzi zake niliziacha, maana pumzi ndiyo inayokuonyesha kwamba anayeimba ni mtu. Gitaa nililisogeza pembeni limpishe mwenyewe apite.

Bado palikuwa na upungufu. Sauti ilikuwa kavu mno, na mwangwi wa kwenye kompyuta ulinikera, kila nilioujaribu ulisikika wa bandia. Ndipo nikakikumbuka kisima. Newala tunakunywa mvua: mwenye uwezo anachimba kisima uani, anakisakafia kwa saruji, na bati la nyumba linamwaga maji humo. Wakati ule chetu kilikuwa kikavu kabisa. Nilifunga spika ndogo kwenye kamba nikaishusha, nikashusha na simu ya kurekodia, nikaupiga wimbo. Sauti ya Somoe ilizunguka kule chini ikarudi imekomaa, imetulia. Nikauchanganya mwangwi ule na sauti kavu, kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga.

Nililia. Nakiri, nililia kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Palikuwa na doa moja. Mwisho kabisa, mwangwi unapofifia, mama yangu alipita uani akakuta kisima kiko wazi, akaniita kwa jina la mwanangu: "Mama Nuru! Funika kisima, kuku watatumbukia!" Simu ikanasa. Nilipanga kurudia kesho yake, lakini mvua ya kwanza ilinyesha usiku huohuo, na kisima chenye maji hakitoi mwangwi ule. Nikaipunguza sauti ya mama mpaka ikawa ya mbali sana, ya kusikika kwa anayejua tu. Nikamtumia Somoe.

Alinijibu kwa sauti kwenye simu. "Shoga, usininunie. Imekaa kishamba, sauti yangu imezama. Naanza upya na watu wa huku. Hiyo yako ifute tu, isije ikazagaa."

Nikaifuta.

Ndiyo, niliifuta yote, na vipande vyote. Mtu mwenye akili angebakiza hata nakala moja. Lakini aliyesema ni Somoe, na Somoe hasemi uongo. Hedifoni nikaifungia sandukuni pamoja na vitambaa vya msiba, nikajiambia kwamba sikio langu ni la cherehani, si la muziki. Miezi mitatu sikuigusa.

Jana nilishuka Masasi kununua nyuzi na vifungo. Niko dukani napekua zipu, redio ya mwenye duka ikapiga gitaa ninalolijua. Kisha pumzi. Kisha Somoe. Nilisimama nimeshika zipu ya buluu nisijue ya nini. Hawakurekodi upya hata neno moja. Kila "s" ilikuwa pale nilipoilaza. Wimbo ulipokwisha, mwangwi ukafifia, na kule chini kabisa nikamsikia mama yangu anahangaikia kuku.

Mtangazaji alimsifu prodyuza mmoja wa Masasi. Alisema mwangwi ule unaonyesha kwamba ukiwa na studio ya kisasa unafika mbali. Studio ya kisasa, yenye kuku!

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka peke yangu, kicheko kibaya. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wakubwa, na mimi fundi nguo sikukiona. Wangeniibia jina tu, ningeshona nikasahau. Kinachoniuma ni kwamba aliujua uzuri wa kazi ile, akaniambia ni mbaya, na mimi nikamwamini kuliko masikio yangu.

Nilikuwa nimeamua nisiseme kwa mtu. Mchana huu mama akaingia ameloa, khanga kichwani, ametoka kwa jirani, macho yanang'aa.

"Mama Nuru! Nimejisikia redioni kwa Mama Saidi, sikio nimelibandika kwenye spika! Nagombeza kuku!"

Ameshawaambia majirani wote. Ameniigizia mara tatu, na mara ya tatu ameongeza maneno ambayo hakuyasema. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniangalia.

"Sasa mbona wewe hawakukutaja?"

"Wamesahau, mama."

"Hee. Mwambie Somoe awakumbushe. Yule ni mwenzio."

Nimemdanganya mama yangu ili kumsitiri mtu aliyeniuza, na ulimi haukujikwaa hata kidogo. Hivyo ndivyo tulivyofundwa: aibu ya mwenzio ni yako, ifunike. Sikumbuki kama walitufundisha la kufanya mwenzio akikuvua wewe.

Mama alipotoka, nilimwandikia Somoe. Nilikuwa na matusi ya kutosha kurasa mbili, nikayaacha. Nimetuma hivi: "Mama anakusalimu. Anakushukuru kwa kumtoa redioni. Vaa hedifoni, sikiliza mwisho wa wimbo."

Tiki mbili zimegeuka buluu. Ameanza kuandika, ameacha. Ameanza tena, ameacha. Mpaka namaliza ukurasa huu, hajatuma kitu.

Hedifoni nimeitoa sandukuni. Inanuka dawa ya nondo, lakini inafanya kazi. Mwezi wa tisa, Mungu akipenda, kisima kitakauka kama kawaida yake, nami nitashusha spika yangu. Wa kuimba sijampata. Ila nimeshamwambia mama kwamba siku hiyo apite uani, awagombeze kuku kwa sauti yake yote.